Kabla ya Kuhesabu Viti, Tukague Mlango: Somo Kuhusu Haki Katika Kuajiri Watumishi wa Miradi



Somo la robo hii linahusu swali ambalo kila usharika hukutana nalo mradi unapoanza: nani apewe kazi? Wafadhili wengi huandika katika mkataba kwamba sehemu fulani ya nafasi iende kwa wanawake, vijana au watu wenye ulemavu. Baadhi ya wajumbe hulipokea sharti hilo shingo upande, wakisema haki ni kumpa mwenye sifa basi. Wengine husema kwamba bila kutenga nafasi watabaki wale wale siku zote.

Mabishano haya si ya Mwaya, Ipinda au Matema peke yake. Jirani zetu wa Kenya, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, walitunga sheria mwaka 2008 inayokataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya watumishi kutoka kabila moja. Marekani wamekwenda njia nyingine: Juni 2023 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilizuia vyuo kuangalia rangi ya mwombaji wakati wa kupokea wanafunzi, na Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri za kufuta programu za utofauti katika serikali kuu. Watu wenye nia njema wanatofautiana, kwa hiyo na sisi tusiogope kutofautiana. Tunachotakiwa ni kujadili kwa utaratibu.

Malengo ya somo

Mwisho wa somo hili kamati iweze:
(a) kutofautisha kiti cha uwakilishi na nafasi ya ajira;
(b) kukagua masharti ya kazi kabla ya kuyatangaza;
(c) kuendesha usaili ambao mtu yeyote anaweza kuonyeshwa kumbukumbu zake.

Mfano wa kuanzia

Mfano huu ni wa kutunga, lakini wajumbe wengi watauona ni wa kwao. Usharika umepata mradi wa mashine ya kukoboa mpunga pamoja na stoo. Nafasi za kazi ni sita: msimamizi mmoja, mtunza stoo mmoja, karani wa mizani mmoja, waendesha mashine wawili na mlinzi mmoja. Mkataba unataka wanawake wasipungue wawili. Kamati inakaa.

Mzee wa kanisa anasema: "Mashine haiangalii gauni wala suruali. Tuwape waliokwisha kuendesha mashine, wenye barua ya mchungaji. Tukianza kugawana, mpunga wa watu utaharibika."

Mama wa Umoja wa Wanawake anajibu: "Sawa mzee, lakini tangu mashine zije huku kwetu, nani amewahi kumwachia binti ashike mashine? Huo uzoefu ataupata wapi?"

Kijana mmoja anaomba nafasi: "Wazee wangu, samahani. Hivi tangazo lenyewe lilibandikwa wapi?"

Wote watatu wamesema kweli. Mzee anatetea mali ya wakulima, na hiyo ni amana. Mama ameona kwamba sharti la uzoefu linamfungia nje mtu ambaye hakuwahi kuruhusiwa kuupata. Kijana ameuliza swali ambalo lingetangulia yote. Somo letu litaanzia kwa kijana.

1. Mgao usioandikwa

Tunaposema "tusiwe na mgao", tunadhani kwamba bila mgao nafasi zote ziko wazi. Tujiulize kama ni kweli. Tangazo likisomwa mara moja baada ya ibada, na mwisho wa kupokea barua ukawa Alhamisi, wanaolisikia ni wale wanaokaa karibu na ofisi ya usharika na ndugu wa wajumbe. Wavuvi waliokuwa ziwani usiku kucha wamelala. Wafinyanzi wa Kikisi wa upande wa Ikombe hawajapata habari. Mjane aliyezuiwa na mafuriko ya masika hakufika. Kijana asiyesikia vizuri hakuelewa lililotangazwa. Hakuna aliyewakataza hawa kuomba, na bado hawakuomba.

Waswahili husema, mcheza kwao hutunzwa. Methali hii ni tamu ngomani, lakini kwenye ajira ni hatari. Kamati inaweza kumchagua mwenye alama nyingi kuliko wote walioomba na bado ikawa imewaajiri watoto wa mitaa miwili tu kati ya minane. Huo nao ni mgao, ila haukuandikwa na haukujadiliwa na mtu.

2. Nchi yetu imepita njia hii

Wajumbe wengine hudhani kutenga nafasi ni mambo yaliyoletwa na wafadhili. Sivyo. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, wakubwa wengi katika utumishi wa serikali walikuwa Wazungu, na baadhi ya kazi za ofisini zilishikwa na Waasia. Vyama vya wafanyakazi vilidai Waafrika wapandishwe haraka, na serikali ikawapa kipaumbele. Januari 1964 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba upendeleo huo umekwisha, na kwamba raia wote watatendewa sawa katika utumishi wa umma bila kuangalia asili yao. Hapo tunajifunza kwamba hatua ya kurekebisha ina mwanzo na ina mwisho, na kiongozi anatakiwa kuutaja mwisho huo hata kama wengine hawataupenda.

Tofauti za elimu ziliendelea. Wamisionari wa Berlin na wa Moraviani waliingia upande wetu wa kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891, na shule zikafuata. Ndiyo maana Rungwe, ambayo Kyela ilikuwa sehemu yake, ilitajwa pamoja na Kilimanjaro na Bukoba kuwa sehemu zilizotangulia kwa wasomi. Babu zetu hawakuwa na akili kuliko watu wa mikoa mingine. Walikuwa karibu na shule. Serikali ilipozitaifisha shule kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, moja ya sababu ilikuwa kuwafungulia watoto wa dini zote. Katika miaka ya 1970 ikaweka mgao wa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa. Wazazi wa sehemu zilizotangulia walilalamika kwamba mtoto wao ameachwa na alama nzuri. Kisha wazazi na makanisa, hasa Kilimanjaro, wakajenga shule zao wenyewe. Kwa hiyo mgao ulisaidia mikoa iliyokuwa nyuma, lakini haukuweza peke yake kuziba pengo.

Mfano mwingine ni Azimio la Musoma la mwaka 1974. Liliagiza kwamba mtu afanye kazi kwanza, kwa kawaida miaka miwili, ndipo aingie chuo kikuu. Sharti lilikuwa moja kwa wote. Lakini wasichana wengi, wakishaanza kazi, waliolewa na kupata majukumu ya nyumbani, na idadi yao chuoni ikashuka. Baada ya muda mfupi Serikali ikawaondolea wasichana sharti hilo. Wanakamati, mfano huu tuukumbuke kila tunapoandika "uzoefu wa miaka miwili" kwenye tangazo. Sharti linaweza kuwa sawa kwenye karatasi na likawaangukia watu kwa uzito tofauti.

Katika miaka ya 1990 vyuo vikuu viwili vya Afrika Mashariki vilijaribu dawa mbili tofauti. Makerere, kuanzia mwaka 1990, iliwaongezea wasichana alama 1.5 katika kuchagua wanaoingia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mafunzo ya awali ya sayansi: wasichana waliokosa alama kidogo waliitwa, wakafundishwa kwa wiki chache, wakapewa mtihani, na waliofaulu wakaingia. Njia zote mbili ziliongeza wasichana. Kwa miradi yetu midogo, ya pili inatufaa zaidi, kwa sababu anayeingia ameonyesha mbele ya watu kwamba kazi anaiweza.

3. Kanisa la kwanza lilifanyaje?

Tusome Matendo ya Mitume 6:1-7. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwaambia wanyamaze kwa kuwa wote ni ndugu katika Kristo. Waliita mkutano, wakataja sifa za kazi hiyo: watu wenye kushuhudiwa mema, wenye Roho na hekima. Kisha wakaliachia kusanyiko lichague. Waliochaguliwa ni saba, na majina yote saba ni ya Kiyunani, wa mwisho akiwa Nikolao, mwongofu wa Antiokia. Ni kweli Myahudi wa Palestina naye aliweza kuwa na jina la Kiyunani, kama mtume Filipo. Hata hivyo wafafanuzi wengi wanaona hapa kwamba kundi lililolalamika liliaminiwa kushika ghala.

Tuangalie mambo mawili yaliyokwenda pamoja. Sifa hazikushushwa: Stefano hakuchaguliwa kwa sababu ya lugha yake tu. Na walioumizwa hawakuachwa nje ya meza ya mgawo.

Mama mmoja anaweza kuuliza, mbona wote saba walikuwa wanaume? Swali ni zuri. Kanisa limeendelea kujifunza. KKKT iliamua mwaka 1990 kwamba wanawake waweze kubarikiwa kuwa wachungaji, na leo tunawaona madhabahuni.

Upande wa pili tusome Mambo ya Walawi 19:15. Mwamuzi anakatazwa kumpendelea mkubwa, na anakatazwa vilevile kumpendelea maskini. Andiko hili linatuonya sisi tunaopenda kutenga nafasi. Huruma haitoshi kumpa mtu kazi ya kupima mpunga wa wajane wengine kama hajui kusoma mizani.

4. Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi au mwombaji kazi kwa kabila au mahali anapotoka, dini, jinsi, ujauzito, ndoa, ulemavu, umri, virusi vya UKIMWI na mengineyo. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba hatua za makusudi za kuleta usawa si ubaguzi. Vilevile si ubaguzi kumchuja mtu kwa jambo ambalo kazi yenyewe inalihitaji. Katiba yetu, ibara ya 13, inafuata njia hiyo hiyo kwa Serikali: inakataza ubaguzi, na inaruhusu hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii.

Hapo "barua ya mchungaji" inatiwa kwenye mizani. Kazi ya mwinjilisti inahitaji Mkristo wa Kanisa letu, na hilo halina ubishi. Lakini mwendesha mashine ya mpunga anahitaji nini cha Kilutheri? Mashine itakoboa mpunga wa Mmoraviani, wa Mkatoliki na wa Mwislamu, na mara nyingi andiko la mradi tulilopeleka kwa wafadhili limewataja hao wote kama walengwa. Tukitaka kujua uaminifu wa mwombaji, barua ya mwenyekiti wa kijiji au ya mwajiri wa zamani inatosha.

Maswali ya usaili nayo yakaguliwe. "Umeolewa? Unatarajia kuzaa lini?" si maswali ya kumuuliza binti. Likizo ya uzazi ya siku 84 imo katika sheria, na bajeti ya mradi iizingatie tangu mwanzo.

Kuhusu watu wenye ulemavu, Sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Kwa taasisi yenye wafanyakazi 100, hao ni 3. Hospitali na shule za Kanisa ziko ndani ya hesabu hiyo. Mradi wa watu sita haumo, lakini hakuna sheria inayouzuia kufungua mlango.

5. Kiti cha uwakilishi na nafasi ya kazi

Hapa ndipo wengi wetu tunachanganya. Kamati ni chombo cha sauti. Anayekaa humo huleta macho ya watu wake, kwa hiyo kuhesabu viti kuna maana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na watu saba, watatu wakiwa wanawake, kwa sababu mashauri ya ardhi yanawagusa wanawake. Shirikisho la Kilutheri Duniani, katika Mkutano Mkuu wa Budapest mwaka 1984, liliamua kwamba wanawake wawe angalau asilimia 40 ya wajumbe wa mkutano uliofuata. Katika kamati zetu, kutenga viti ni jambo jema na rahisi.

Ajira ni tofauti kidogo. Mtu anaajiriwa kufanya kazi inayopimika, na kosa lake linalipwa na mwananchi. Kwa hiyo kiwango cha chini cha kuiweza kazi kiwe kimoja kwa wote. Nafasi ya kurekebisha mambo iko sehemu tatu: kabla ya mlango, yaani tangazo na mafunzo, kwenye mlango, yaani masharti yasiyo ya lazima yaondolewe, na pale ambapo waombaji wawili wanalingana, ndipo aangaliwe yule ambaye kundi lake halipo katika mradi. Kanuni hiyo itangazwe mapema. Ikitajwa baada ya usaili, itaonekana ni hila hata kama ni halali.

Je, tuhesabu na makabila kama Kenya? Ushauri wangu ni hapana. Sensa yetu haijauliza kabila tangu ile ya mwaka 1967, na fomu ya usharika isianze kuliuliza. Tuhesabu mitaa na vijiji. Kama kijiji kimoja cha walengwa hakikuleta hata mwombaji mmoja, tangazo halikufika huko, na lirudiwe.

6. Hoja za wanaopinga

"Atadharauliwa kwamba kapewa kwa sababu ni mwanamke." Hii ni hoja ya kweli, na dawa yake ni jaribio la wazi. Kila mwombaji apime gunia, asome mizani, aandike daftari, awashe na kuzima mashine mbele ya wasaili. Aliyefaulu hapo hana deni la kumshukuru mtu.

"Nafasi zitachukuliwa na wake na mabinti wa wakubwa." Hii pia ni kweli, na hutokea. Ndiyo maana mjumbe mwenye ndugu kati ya waombaji atamke hivyo, iandikwe, naye atoke nje wakati wa kutoa alama.

"Wafadhili wanataka takwimu tu." Wapendwa wafadhili, hapa naomba mnivumilie. Mkataba ukitaka majina ya wanawake wawili ndani ya wiki mbili, kamati itawapa majina mawili, pengine ya wafagiaji. Mkitenga fedha kidogo za mafunzo ya mwezi mmoja kabla ya ajira, na mkiomba kuona tangazo, orodha ya waombaji na karatasi za alama, mtajifunza mengi kuliko asilimia iliyo kwenye ripoti.

7. Hatua za kufuata

1. Andikeni kazi yenyewe kwanza: atafanya nini Jumatatu hadi Jumamosi? Sifa zitoke humo.
2. Kwa kila sharti ulizeni: bila hili kazi itaharibika? Kama jibu ni hapana, lifuteni.
3. Tangazeni kwa siku zisizopungua 14: mitaa yote, ofisi za vijiji, sokoni, mwaloni, zahanati, makanisa mengine na msikitini.
4. Angalieni orodha ya waombaji kabla ya usaili. Kama kundi zima halipo, ongezeni siku.
5. Toeni mafunzo mafupi kwa wote wasio na uzoefu, wa kike na wa kiume.
6. Fanyeni jaribio la vitendo lile lile kwa kila mmoja, na kila msaili atoe alama peke yake kabla ya kujadiliana.
7. Wajulisheni waliokosa, kwa heshima, na sababu.

Turudi kwa kamati yetu ya mfano. Wakifuata hatua hizi, "uzoefu wa miaka miwili" utabaki kwa msimamizi, maana ndiye atakayewafundisha wengine. Kwa waendesha mashine utawekwa mwezi wa mafunzo na jaribio. Barua ya mchungaji itaondoka. Inawezekana wanawake wakapatikana watatu. Inawezekana akapatikana mmoja tu, na hapo kamati itawaandikia wafadhili kweli, ikiambatanisha kumbukumbu na kuomba muda wa kumwandaa wa pili. Mzee atakuwa amelindiwa mpunga wake, na mama amepata njia ya binti kufika kwenye mashine.

Maswali ya majadiliano

1. Katika ajira tatu za mwisho usharikani kwenu, waliopata kazi walitoka mitaa ipi? Nani hakusikia tangazo?
2. Ni sharti gani mmekuwa mkiliandika kwa mazoea tu?
3. Je, kamati yenu ina watu wenye ulemavu? Wakihudhuria, wanaweza kuingia ukumbini na kusikia kinachosemwa?
4. Mtajuaje kwamba hatua ya kutenga nafasi imefanya kazi yake na inaweza kukoma?

Kamati zitakazojadili somo hili zituletee majibu kupitia ofisi ya jimbo, ili tuyatumie katika semina ya watunza miradi. Mungu awabariki na kuitia nguvu kazi ya mikono yenu.

Mratibu wa Miradi, Dayosisi